Baridi Yabisi na Moyo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kumbukumbu ya chama



Katika kila mtaa yuko mtu ambaye majirani humwita mgonjwa wa baridi. Aghalabu ni mwanamke aliyevuka miaka arobaini. Asubuhi hawezi kufumba vidole, na kufungua kifuniko cha chupa ni kazi ya kumwomba mjukuu. Watu wamekwisha kumzoea. Humpa mafuta ya kujichua, humshauri avae sweta, na wakimwona barazani ameketi juani husema, "Baridi imemshika leo." Siku mtu huyo afapo ghafula usiku, husemwa kwamba ajali yake imefika, na hilo ni kweli kwa kila aliyekufa, lakini hapana aulizaye kama vidole vile na moyo ule vilikuwa na habari moja. Hotuba hii ni juu ya swali hilo.

Yafaa kuanza na jina, kwa sababu jina limechangia kupotea kwa watu wengi. Baridi yabisi ni maneno mawili ya Kiarabu: la kwanza lajulikana, na la pili maana yake ni kitu kikavu. Yametoka katika utabibu wa kale, wa Wayunani na baada yao Waarabu, ambao uliyapima maumbile yote kwa tabia nne, nazo ni joto, baridi, unyevu na ukavu. Ilikuwa elimu kubwa kwa zama zake. Lakini na ashike mtu kifundo cha mkono cha mgonjwa siku ambayo maradhi yamepanda. Atakuta kina joto kuliko ngozi ya mahali pengine, tena kimevimba, na tabibu akitia sindano hutoa maji. Jina lasema baridi na ukavu; kiungo chasema moto na maji. Nao waliosadiki jina wametumia miaka yao kuikimbia baridi, wakaogopa maji, wakaogopa upepo wa dirishani, huku moto ukiendelea kula ndani.

Moto huo ni nini? Mwili umepewa askari wa kuulinda, chembe za damu ambazo kazi yake ni kuvitambua vijidudu vya maradhi na kuviua. Katika maradhi haya askari hukosea. Huiona ngozi laini iliyo ndani ya kiungo kana kwamba ni adui, nao huishambulia mchana na usiku. Kiungo huvimba, huwaka, na baada ya miaka gegedu huliwa na mifupa hupinda. Mwaka 1800 mwanafunzi wa utabibu aitwaye Augustin Jacob Landré-Beauvais, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliyaeleza maradhi haya akiyatenga na jongo. Na jina ambalo wataalamu hulitumia hata leo, yaani rumatoidi, lilitolewa na Mwingereza Alfred Garrod mwaka 1859. Wanawake huugua mara mbili au tatu kuliko wanaume. Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, katika kila watu 1,000 hupatikana wagonjwa kati ya 5 na 10.

Si kila goti liumalo lina maradhi hayo. Goti la mzee lililochakaa kwa kazi na uzito huuma jioni baada ya mwendo na hupata nafuu likipumzishwa. Rumatoidi ni kinyume chake: hukaza asubuhi baada ya mapumziko, na ukakamavu huo hudumu saa nzima au zaidi kabla ya kulegea. Hupenda viungo vidogo vya mikono na miguu, tena pande zote mbili kwa pamoja. Ziko pia ndugu zake. Iko lupasi, ambayo huweza kuanza kwa homa, uchovu na madoa ya uso, hata mgonjwa akatibiwa malaria mara tano kabla ya kutambuliwa. Liko jongo, la wenye chumvichumvi nyingi ya yuriki katika damu, ambalo huanza usiku kwa kidole gumba cha mguu. Iko ile ya uti wa mgongo, ambayo hushika vijana wanaume na kuwakaza kiuno. Na ipo chikungunya, ambayo haimo katika ukoo huu kwa asili yake maana huletwa na mbu, lakini huweza kuacha viungo vikiuma kwa miezi mingi. Iligunduliwa katika mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni la Kimakonde, likimaanisha kile kinachomkunja mtu. Basi tabibu ndiye wa kupambanua, wala si jirani mwenye chupa ya mafuta.

Sasa uje moyo.

Watu hudhani ya kuwa maradhi ya goti hukaa gotini kama vile mpangaji akaavyo katika chumba alichokodi. La, hasha. Kemikali zinazotolewa na kiungo kinachowaka huingia katika damu, na damu huzunguka mwili mzima. Ini huzipokea na kuanza kutengeneza vitu vyake vya vita. Kuta za mishipa huzipokea pia. Ukuta wa mshipa wa damu si bomba la chuma. Kwa ndani una utando mwembamba ulio hai, laini, ambao kazi yake ni kuiacha damu ipite bila ya kunata. Utando huo ukiwashwa kila siku huchubuka na kuvuja. Mafuta ya damu hupenya na kujikusanya chini yake, yakafanya gamba. Chembe za ulinzi nazo huingia kupigana na mafuta, zikafa humo, na gamba likazidi kunenepa. Kisha siku moja gamba hupasuka, damu hugandia juu ya ufa, na njia huzibwa. Ikizibwa njia ya kwenda moyoni, hilo ni shambulio la moyo. Ikizibwa ya kwenda kwenye ubongo, huwa kiharusi.

Mambo hayo huwapata pia watu wasio na maradhi ya viungo, kwa sababu ya presha, kisukari, tumbaku na unene. Tofauti ni kwamba mwenye rumatoidi anayo yote hayo kama wenzake, na juu yake ana moto wa ziada ambao hauzimwi. Mbali na mishipa, moto huo waweza kuushika mfuko unaouzunguka moyo ukajaa maji, na waweza kuidhoofisha nyama yenyewe ya moyo hata ishindwe kusukuma damu ipasavyo.

Hesabu zipo, nazo si ndogo. Mwaka 2008 zilijumlishwa tafiti 24 zenye wagonjwa wa rumatoidi zaidi ya 111,000, ikaonekana kwamba hatari yao ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ilizidi ile ya watu wengine kwa nusu nzima. Yaani mahali ambapo wangekufa watu 10, walikufa 15. Kabla yake, mwaka 2003, watafiti wa Boston walitoa habari za wauguzi wanawake 114,342 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Wenye rumatoidi walipata mashambulio ya moyo mara mbili kuliko wenzao, na wale waliokwisha kuugua kwa miaka 10 au zaidi walipata mara tatu. Ama lupasi, jambo lake latisha zaidi. Mwaka 1997 watafiti wa Pittsburgh walionyesha kwamba wanawake wenye lupasi walio na umri wa miaka 35 hadi 44 walipata mashambulio ya moyo zaidi ya mara 50 wakilinganishwa na wanawake wa umri huo huo wa mji wa Framingham. Mwanamke wa miaka 38, mwenye watoto wadogo, ambaye hakuna mtu atakayedhania kwamba kifua chake ni cha kuogopwa!

Kuna mtego wa kwanza hapa, nao huwanasa hata waganga. Mgonjwa hupimwa mafuta ya damu, yaani kolesteroli, na karatasi husema ni kidogo. Hupongezwa, akaenda zake. Lakini katika rumatoidi moto ukiwaka sana kolesteroli hushuka, na hali hatari ya mishipa hupanda. Karatasi nzuri, mshipa mbaya. Ndiyo sababu shirikisho la Ulaya la wataalamu wa viungo, EULAR, lilitoa shauri, likalirudia mwaka 2017, kwamba mganga akimaliza kupiga hesabu ya hatari ya moyo ya mwenye rumatoidi kwa vipimo vya kawaida, jumla aizidishe kwa moja na nusu. Aliyehesabiwa kuwa na hatari ya 10 kwa 100 na ahesabiwe 15. Na hesabu hiyo ifanywe angalau mara moja kila miaka mitano.

Mtego wa pili ni maumivu yenyewe. Mtu mwenye mishipa ya moyo iliyobana hugundua jambo hilo anapopanda kilima au kukimbilia basi: kifua hubana, akasimama. Mgonjwa wa viungo hakimbilii basi. Magoti yamemzuia zamani kufika kwenye mwendo ambao moyo ungelalamika. Tena amezoea kuumwa. Bega likimuuma, au taya, au mkono wa kushoto, hudhani ni yale yale. Amemeza na vidonge vya kutuliza maumivu, hivyo hata sauti ndogo ya moyo hufunikwa. Basi mashambulio ya moyo yasiyotambuliwa hupatikana kwao zaidi kuliko kwa watu wengine, nacho kifo cha ghafula vivyo hivyo.

Na uwekwe mfano wa mama mmoja, asiye na jina kwa kuwa ni wengi. Huamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi. Kwa miaka minane vidole vimekuwa vikimwuma, na sasa hukanda kwa kiganja na kiwiko. Binti yake humnunulia vidonge katika duka la dawa la kona, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na siku za mwezi ambazo biashara ni nzuri huongeza cha mchana. Mwaka huu amegundua kwamba akibeba ndoo ya maji hupumua kwa shida, na usiku hulala kwa mito miwili. Akienda zahanati, husema habari ya vidole, kwa sababu vidole ndivyo maradhi yake. Naye muuguzi, mwenye foleni ya watu sitini mlangoni, humpa vidonge vile vile. Hapana aliyemkosea kwa kusudi. Kila mmoja ametazama kile alichoonyeshwa. Lakini mkono wake haujafungwa kitambaa cha kupimia presha hata mara moja katika miaka minane, na hilo ni jambo la kusikitisha mno.

Vidonge vile vyastahili kusemwa kwa urefu, kwa kuwa ndivyo vilivyo mikononi mwa watu. Kinachojulikana zaidi ni diklofenaki. Hutuliza maumivu upesi, bei yake ni ndogo, na hupatikana karibu kila duka la dawa pasipo karatasi ya mganga. Haizimi moto wa rumatoidi. Hufunika moshi tu, huku kiungo kikiendelea kuliwa. Tena hushika maji na chumvi mwilini, hupandisha presha, huumiza figo na kutoboa tumbo, na huongeza hatari ya shambulio la moyo. Dunia ilijifunza somo la dawa za namna hii kwa gharama kubwa. Mwezi wa Septemba mwaka 2004 kampuni ya Merck iliiondoa sokoni dawa yake ya viungo iitwayo Vioxx, baada ya utafiti kuonyesha kwamba walioimeza zaidi ya miezi 18 walipata mashambulio ya moyo na kiharusi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walitangaza kwamba diklofenaki nayo isipewe mtu mwenye maradhi ya moyo, au aliyekwisha kupata kiharusi, au mwenye mishipa iliyoziba. Hapana asemaye kwamba kidonge kimoja cha siku mbaya ni sumu. Kisemwacho ni kwamba kuvila kila siku kwa miaka minane, bila ya kupimwa, ni kucheza na moyo.

Ya pili ni prednisoloni, ya ukoo wa kortisoni. Ukoo huu ulipoanza kutumika kwa rumatoidi mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo huko Marekani, watu walioletwa kwa machela walisimama wakatembea, na Philip Hench pamoja na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1950. Furaha ilikuwa kubwa, kisha yakaja yaliyofuata: uso kuvimba, mifupa kukonda, sukari kupanda, presha kupanda. Dawa hii ni ya lazima wakati mwingine, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Aliyeimeza kwa majuma mengi asiiache kwa ghafula, maana mwili umesahau kutengeneza ya kwake, naye aweza kuzirai na kufa. Inapunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya mganga. Hapa lazima wasikilizaji watahadharishwe na unga usio na jina. Katika nchi mbalimbali unga uliouzwa kama mitishamba ya viungo umepimwa ukakutwa umetiwa steroidi. Dawa ya mizizi ambayo humwinua mgonjwa wa miaka kwa siku mbili, akarudi kuinunua kila mwezi huku uso ukizidi kuwa wa duara, ni ya kutiliwa shaka. Muuzaji ambaye hutia kidonge cha hospitali ndani ya unga wa mti kisha akauita urithi wa babu yake amewaibia watu wawili, mgonjwa na babu.

Dawa inayozima moto wenyewe iko, wala si ngeni wala si ya ghali kama dawa mpya. Huitwa methotreksati. Huchukua majuma mengi kabla ya mgonjwa kuona nafuu, na kwa hiyo wengi huiacha mapema wakarudia diklofenaki. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,240 wa mji wa Wichita, Marekani: waliotumia methotreksati walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiasi kidogo sana kuliko wasioitumia, upungufu wa 70 kwa 100. Haki yadai kusema kwamba utafiti huo haukuwa wa kuwagawa watu kwa kura, hivyo tarakimu hiyo isichukuliwe kama ahadi. Tena mwaka 2018 dawa hiyo hiyo ilijaribiwa, na safari hii kwa kura, kwa watu 4,786 wenye maradhi ya moyo lakini wasio na rumatoidi, na haikuwafaa kitu. Yaelekea basi kwamba faida yake kwa moyo wa mgonjwa wa viungo hupita katika kiungo: moto wa huko ukizimwa, mshipa nao hupumua. Ushahidi mwingine kwamba moto wenyewe hudhuru moyo ulipatikana mwaka 2017, wakati watu 10,061 waliokwisha kupata shambulio la moyo walipojaribiwa dawa ya kuzima mojawapo ya kemikali hizo za vita, isiyogusa kolesteroli hata kidogo. Kwa kipimo kilichofaa, mashambulio, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa 15 kwa 100.

Methotreksati ina sharti moja ambalo likivunjwa huua, na ni afadhali lirudiwe mara tatu kuliko kusahauliwa mara moja. Humezwa siku moja tu kwa juma. Si kila siku. Aliyezoea kumeza vidonge kila siku, au mzee anayesomewa karatasi na mtoto wa shule, aweza kukosea, na akikosea kwa majuma mfululizo uboho hufa na damu hukosa. Ichaguliwe siku, Jumatatu au Alhamisi, iandikwe juu ya kopo kwa herufi kubwa. Mganga huongeza vidonge vya asidi foliki ili kupunguza madhara, naye hupima ini na damu kila baada ya muda. Mwanamke mwenye mimba, au anayetarajia kuipata, haimezi kabisa.

Wenye lupasi hupewa aghalabu haidroksiklorokwini, binamu wa klorokwini ambayo wazee wote wa nchi hizi waliimeza kwa malaria. Ni ajabu kwamba dawa ya mbu ikawa dawa ya viungo, lakini ndivyo ilivyo. Tangu mwaka 1951 ilijulikana kwamba dawa za malaria za namna hiyo huituliza lupasi. Atumiaye kwa miaka mingi apimwe macho. Na ile ya jongo, kolkisini, ina habari ya kuwafurahisha wapenda historia: hutoka katika mmea ambao matabibu wa Kiarabu waliuita surinjan na kuutumia kwa jongo hilo hilo kwa karne nyingi. Mwaka 2019, watu 4,745 waliopata shambulio la moyo karibuni walijaribiwa kolkisini kidogo sana kila siku, nusu miligramu, katika utafiti ulioongozwa kutoka Montreal, na matatizo ya moyo na mishipa yalipungua kwa karibu robo. Ikizidishwa ni sumu kali, kwa hiyo asiende mtu kuchimba mizizi.

Lazima sasa yatengwe maradhi mengine yenye jina linalofanana na hili, maana watu huyachanganya na watoto ndio walipao. Iko homa ya baridi yabisi. Hiyo si rumatoidi. Huwashika hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, na huanza kwa koo kuuma kwa kijidudu. Koo hupona. Baada ya majuma mawili au matatu mtoto huwa na homa, na maumivu huhama kutoka goti hadi kifundo cha mguu, kutoka kifundo hadi kiwiko, kisha yote hutoweka kama kwamba hapakuwa na kitu. Mzazi hushukuru. Kumbe milango ya moyo imejeruhiwa, na kovu lake litadumu. Binti huyo akija kubeba mimba, moyo hushindwa na mzigo wa damu mbili, na huzikwa mama ambaye hakuna aliyejua kuwa ni mgonjwa.

Juu ya maradhi haya Uganda imefanya kazi ambayo dunia nzima yainukuu. Katika sehemu za kaskazini, watoto na vijana 102,200 walipigwa picha ya moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Miongoni mwao walipatikana wenye dalili za mwanzo, ambao walionekana wazima kabisa wakicheza. Vijana 818 wa miaka 5 hadi 17 wakagawanywa kwa kura: nusu wakachomwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma manne, nusu wasichomwe. Baada ya miaka miwili, katika nusu ya kwanza milango ya moyo ilizidi kuharibika kwa watoto 3 tu. Katika nusu ya pili, 33. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021, na miongoni mwa walioongoza alikuwamo Dk. Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, mjini Kampala. Penisilini ni dawa ya zamani, wala haina ufahari. Mtoto mwenye koo kali lenye homa na apelekwe, na aliyeandikiwa sindano za kila mwezi asiachishwe kwa sababu ameonekana mzima.

Yamebaki mambo ya ibada, ambayo wagonjwa huyauliza mara nyingi kuliko wanavyouliza habari ya moyo. Mwezi wa Ramadhani wako wanaoficha dawa zao ili wafunge. Ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine imo wazi katika Sura ya Al-Baqara, na mwenye maradhi yaliyopanda hana haja ya kuona haya. Ambaye maradhi yake yametulia aweza kufunga kwa shauri la mganga wake: methotreksati ya mara moja kwa juma humezwa usiku bila ya taabu, na prednisoloni humezwa pamoja na daku. Kumeza diklofenaki juu ya tumbo tupu ni jambo la kuepukwa, hasa kwa aliyekwisha kutapika damu au mwenye figo dhaifu. Ambaye magoti hayamkubalii kusujudu aswali juu ya kiti, wala asilazimishwe na macho ya watu. Na maji ya udhu yakipashwa moto kidogo hupunguza ukakamavu wa alfajiri. Hapo, na hapo tu, wale wanaoikimbia baridi wana haki yao.

Tumbaku, ya sigara na ya shisha, yapasa iachwe na kila mgonjwa wa viungo, kwa kuwa huzidisha rumatoidi yenyewe na huziba mishipa. Hailipi deni upande wowote. Mwendo wa miguu wa kila siku, hata wa polepole, hauharibu kiungo bali hukisaidia, nao moyo hufaidika. Chumvi na mafuta ya kukaangia vipunguzwe. Mama wa maandazi ayauze, asiyale.

Na huyo mama, akirudi zahanati, aseme maneno manne ambayo hakuyasema. Kwamba vidole hukaza kila asubuhi zaidi ya saa nzima. Kwamba amemeza vidonge vya duka miaka minane, na majina yake ni haya, akiweka paketi mezani. Kwamba hupumua kwa shida akibeba ndoo. Kwamba hulala kwa mito miwili. Kisha anyooshe mkono apimwe presha, na aombe sukari na mafuta ya damu yapimwe pia, naye aandikiwe barua ya kwenda hospitali kubwa. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache katika nchi hizi, na yawezekana akangoja miezi kumwona mmoja. Lakini presha haingoji bingwa.

Wauguzi wawili wamekuja leo na mashine mbili za kupimia, nao wako katika chumba cha kwanza cha madrasa, upande wa akina mama. Upande wa wanaume meza iko chini ya mwembe. Wenye ukakamavu wa asubuhi watangulie, na vijana wawape wazee njia na viti.